Mwenye Nyumba na Mpangaji: Ufunguo Si Hukumu

Mwezi unapofika mwisho katika mji wa Bujumbura, iko hesabu moja inayofanywa katika kila nyumba ya kupanga kabla ya hesabu ya unga, ya maharagwe na ya karo ya shule. Hesabu hiyo ni ya kodi ya nyumba. Mpangaji hujiuliza atalipa kwa fedha ipi. Mwenye nyumba naye hujiuliza kama atalipwa. Mara nyingi hesabu hiyo huisha kwa amani. Lakini inaposhindikana, huonekana mambo yasiyopendeza: kufuli jipya mlangoni, maji yaliyofungwa, na vyombo vya watu vilivyotolewa nje mvua ikinyesha. Au, kwa upande wa pili, mpangaji aliyekaa miezi kadhaa bila kulipa huhama usiku, akaacha nyuma yake milango iliyovunjika na deni la maji na umeme. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ugomvi huo, chanzo chake, na njia ya haki ya kuumaliza.

Na tuuchukue mtaa wa Mutanga Sud uwe mfano. Mtaa huu, ulioko katika tarafa ya Mukaza, umekaa kwenye mteremko unaotoka vilimani na kushuka kuelekea katikati ya mji, na upande wake mmoja unapakana na bonde la mto Ntahangwa. Jina la Mutanga limebebwa pia na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa hiyo humo wanaishi watu wa hali mbalimbali. Yuko mwenye nyumba kubwa yenye bustani na ukuta; yuko mfanyakazi aliyepanga nyumba nzima; na wako vijana waliopanga chumba kimoja katika kijumba cha nyuma, ndani ya ua ule ule wa mwenye nyumba, wakitumia lango moja, bomba moja na pengine mita moja ya umeme. Watu wanaoishi karibu namna hiyo hawana budi kuwa na masharti yanayoeleweka. Kinyume chake, wengi wao wameunganishwa na neno la mdomo tu, lililotamkwa siku moja mbele ya dalali, yule ambaye wenyeji wa Bujumbura humwita komisioneri, na ambaye akiisha kupokea haki yake haonekani tena.

Ndugu wasikilizaji, magomvi ya upangaji yana sura nyingi, lakini ukiyachunguza utayaona yanatoka katika mambo manne. La kwanza ni kiasi cha kodi na namna kinavyopandishwa. La pili ni fedha ya dhamana, ile inayotolewa mwanzoni ili kumkinga mwenye nyumba. La tatu ni matengenezo. La nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni namna ya kuondoka au kuondolewa.

Kuhusu kodi, itafaa tukumbuke yaliyotokea mwaka 2023. Mwezi wa Mei mwaka huo Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, hata dola moja ya Marekani, ambayo kwa bei rasmi ilikuwa karibu faranga 2,100, ikapanda na kuvuka faranga 2,800. Saruji, mabati, rangi na misumari havikungoja. Mwenye nyumba aliyekuwa akipokea kodi ile ile aliona kwamba fedha zake hazitengenezi tena hata paa. Mpangaji naye, ambaye mshahara wake haukupanda kwa kasi hiyo, aliona kwamba kila nyongeza ya kodi inatolewa katika sahani ya watoto wake. Hapa hapana mwovu na mwema. Wako watu wawili waliobanwa na jambo moja. Lakini kama mkataba ulikuwa umesema kwamba kodi ni ya mwaka mzima, mwenye nyumba hawezi kuamka katika mwezi wa tano na kutangaza kodi mpya. Na kama mkataba ulikuwa umesema kwamba kodi itaangaliwa upya kila mwaka, mpangaji naye hawezi kudai kwamba ameonewa pindi mwaka unapokwisha na mazungumzo yakafunguliwa.

Sheria inasema nini? Msingi wa kanuni za mikataba katika Burundi ni dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa zamani za Dola Huru ya Kongo, ikaletwa huku wakati wa utawala wa Wabelgiji, na ikaendelea kutumika baada ya uhuru wa mwaka 1962. Ni sheria kongwe, lakini neno lake kuu halijazeeka: makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba na mpangaji, wanapopatana, wanajitungia sheria yao ndogo, na hakimu atakapoitwa atawauliza kwanza juu ya sheria hiyo.

Zaidi ya hayo, sheria imegawa wajibu. Mwenye nyumba anatakiwa kukabidhi nyumba inayofaa kukaliwa, kuitunza iendelee kufaa, na kumwacha mpangaji aitumie kwa utulivu. Mpangaji anatakiwa kulipa kodi kwa wakati, kuitumia nyumba kwa kazi iliyokusudiwa na kwa uangalifu wa mtu anayejali mali, na kuirudisha kama alivyoipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Paa linalovuja kwa uzee ni la mwenye nyumba. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto ni cha mpangaji. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na usemi huo unawahusu wote wawili: mpangaji autangaze ufa mapema, na mwenye nyumba auzibe mapema.

Lakini, ndugu wasikilizaji, haki isiyo na ushahidi ni kama mtu asiye na mdomo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila siku ya ugomvi shahidi wake ni nani? Mwenye nyumba atasema dhamana ilikuwa ya mwezi mmoja. Mpangaji atasema ilikuwa ya miezi mitatu. Mwenye nyumba atasema milango ilikuwa mizima. Mpangaji atasema aliikuta imeliwa na mchwa. Kanuni za Ufaransa za mwaka 1804, ambazo ndizo zilizolea sheria za Ubelgiji, ziliweka kwamba mpangaji asiyeandikisha hali ya nyumba alipoingia huhesabiwa kuwa aliipokea ikiwa nzima. Fundisho hilo lafaa kukumbukwa na kila anayekabidhiwa ufunguo: kabla ya kuingiza kitanda, ingieni wote wawili na karatasi na kalamu. Andikeni vioo vingapi, kufuli ngapi, bomba lipi linavuja, ukuta upi una ufa, na mita ya maji na ya umeme zinasoma nambari gani. Kisha kila mtu atie sahihi na kubaki na nakala yake.

Mkataba wenyewe hauhitaji maneno makubwa. Unahitaji majina ya pande mbili, mahali nyumba ilipo, kiasi cha kodi na siku ya kuilipa, muda wa upangaji, kiasi cha dhamana na masharti ya kuirudisha, nani anailipa Regideso na kwa kipimo gani pale ambapo mita ni moja, nani anatengeneza nini, na ilani ya muda gani itatolewa na anayetaka kuvunja mapatano. Na kila kodi inapolipwa, itolewe stakabadhi. Mwenye nyumba anayekataa kuandika stakabadhi anajinyima ushahidi yeye mwenyewe, kwa sababu stakabadhi ambazo hazipo haziwezi kuonyesha ni mwezi upi haukulipwa.

Kuhusu fedha ya dhamana, yafaa isemwe wazi kwamba fedha hiyo si zawadi wala si kilemba. Ni amana. Mwenye nyumba anaishika, hajaimiliki. Mpangaji anapoondoka, nyumba ikaguliwe kwa karatasi ile ile ya mwanzo, yaliyoharibika yakatwe kwa bei ya haki, kilichobaki kirudishwe. Majirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameliwekea jambo hili mpaka. Sheria yao ya tarehe 31 Desemba 2015 imeamuru kwamba dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mtu anayevuka mpaka kutoka Bujumbura kwenda Uvira, mwendo mfupi tu, anakuta mpaka wa pili uliochorwa katika mifuko ya wenye nyumba.

Sasa tufike katika jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mpangaji asipolipa, mwenye nyumba afanye nini? Hatutaki kuidharau shida yake. Wenye nyumba wote si matajiri. Wako wajane ambao nyumba ndogo ya nyuma ndiyo pensheni yao, na wako wazee wastaafu waliojenga matofali mwaka baada ya mwaka ili uzeeni wasimwombe mtu. Kwa watu hao, miezi minne bila kodi ni dawa isiyonunuliwa na ni mkopo wa benki usiolipwa. Mpangaji anayejua kwamba kesi huchukua muda, na kwa sababu hiyo akakaa bure kwa makusudi, anaiba kama anavyoiba mtu anayeingia dukani usiku. Ahadi ni deni, na kodi ni ahadi.

Hata hivyo, dawa ya wizi huo si kufuli. Mwenye nyumba akiisha kupangisha, ile nyumba imebaki kuwa mali yake, lakini imekuwa maskani ya mtu mwingine. Katiba ya Burundi inalinda mali. Ni katiba hiyo hiyo inayokataza kuingiliwa ovyo kwa maisha ya mtu, jamaa yake na makazi yake. Haikusema kwamba makazi hayo ni lazima yawe ya kumiliki. Mwaka 1990 Burundi ilijiunga na Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiuchumi, za Kijamii na za Kiutamaduni, ambayo katika kifungu chake cha 11 yanataja haki ya kila mtu kuwa na makazi yanayofaa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mapatano hayo ilieleza mwaka 1997 kwamba kuwatoa watu katika makazi yao kwa nguvu, bila ulinzi wa sheria, ni kinyume cha haki hiyo, na kwamba serikali zinapaswa kuwakinga watu hata dhidi ya watu binafsi wanaofanya hivyo.

Kwa hiyo kung'oa mlango, kuezua bati, kufunga maji, kukata umeme au kutupa godoro la mtu barabarani si kudai haki. Ni kujifanya mshtaki, hakimu na askari kwa wakati mmoja. Mtu akiruhusiwa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, hakuna jirani atakayelala salama. Leo atakayetolewa ni mdaiwa. Kesho atakuwa yule ambaye mwenye nyumba amegombana naye kwa sababu ya kuku. Keshokutwa atakuwa mtu aliyelipa kodi yake yote, ila mwenye nyumba amepata mwingine atakayelipa zaidi.

Nchi jirani zimelitafakari jambo hili, kila moja kwa njia yake. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1965 ilileta baraza maalumu la kuamua magomvi ya kodi za maduka, mahoteli na mikahawa, ili mfanya biashara mdogo asiondolewe kwa amri ya mwenye jengo peke yake. Nchini Uganda, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 imekataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Historia ya Tanzania nayo ina fundisho refu zaidi. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye mabaraza ya nyumba ambayo bila idhini yake mpangaji hakutolewa. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Tangu hapo mpangaji wa Dar es Salaam amesimama zaidi juu ya mkataba wake na juu ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na magomvi yake hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi waliozoea ulinzi wa zamani walijikuta wakidaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, nao hawana hata karatasi moja mkononi.

Fundisho lake ni hili: sheria za bunge huja na huondoka, lakini mkataba ulioandikwa vizuri hukaa na mtu katika sanduku lake.

Kwa wakazi wa Mutanga Sud liko jambo moja zaidi, ambalo halipo katika kila mtaa. Mto Ntahangwa unakula kingo zake. Kila masika maji yanaposhuka kutoka milimani, udongo humeguka, na viwanja ambavyo zamani vilikuwa mbali na bonde sasa vinalitazama kutoka ukingoni. Serikali na wafadhili wamejenga kuta za kuzuia mmomonyoko katika baadhi ya sehemu, lakini hatari haijakwisha. Ugomvi wa kodi hapo huchukua sura nyingine: nani analipa ikiwa nyumba inateremka mtoni? Kanuni za kale ziko wazi. Nyumba ikiangamia yote kwa janga lisilo la mtu, upangaji umekwisha wenyewe, na hakuna kodi ya nyumba isiyokuwapo. Ikiharibika sehemu tu, mpangaji anaweza kudai kodi ipunguzwe au mkataba uvunjwe. Lakini kanuni haiwezi kumrudisha mtu aliyefukiwa na ukuta. Mwenye nyumba anayejua kwamba msingi wa nyumba yake umeanza kubaki hewani, akaficha ufa kwa rangi na kuipangisha kwa mgeni wa mji, amefanya jambo ambalo haliwezi kusafishwa na mkataba wowote. Na mpangaji anayeshauriwa na wakuu wa mtaa kuhama, naye akang'ang'ania kwa sababu amelipa miezi mitatu mbele, anaiweka fedha juu ya roho yake.

Je, wanaogombana waende wapi? Waanze karibu. Nchi hii ina desturi yake ya abashingantahe, watu wazima wanaoaminika, ambao kazi yao ni kusikiliza pande zote na kupatanisha. Mwaka 2021 sheria iliyarudisha mabaraza ya wazee wa milima na mitaa, ili magomvi ya majirani yaamuliwe kwanza karibu na nyumbani. Mkuu wa nyumba kumi na mkuu wa mtaa nao wanawafahamu watu wao. Upatanisho wa namna hiyo una faida yake: hautozi gharama kubwa, hauvunji ujirani, na unaweza kupata jambo ambalo hukumu haiwezi kulipata, kwa mfano deni kulipwa kidogo kidogo. Mapatano yakipatikana, yaandikwe na yatiwe sahihi. Yasipopatikana, iko mahakama, kuanzia ile ya ngazi ya chini ambayo kwa Kifaransa huitwa tribunal de résidence. Hakimu peke yake ndiye awezaye kusema: huyu alipe, au huyu atoke, na kumpa anayetakiwa kutoka muda wa kutafuta pa kwenda.

Lakini ili watu waiamini mahakama, mahakama nazo zina wajibu. Kesi ya kodi ikikaa mwaka mzima bila kuamuliwa, mwenye nyumba mwaminifu atarudi kwenye kufuli lake, na mpangaji mwerevu atakaa bure akicheka. Haki inayochelewa huwafundisha watu kujichukulia hatua. Kwa hiyo kesi za makazi zistahili kusikilizwa upesi kuliko kesi nyingi nyingine, kwa kuwa kila siku inayopita ni kodi inayopotea au ni mtoto anayelala bila kujua kama kesho ataamkia wapi.

Ndugu wasikilizaji, mji unaokua ni mji wa wapangaji. Vijana wanaotoka Ngozi, Rutana na Makamba kuja kusoma au kufanya kazi hawana viwanja. Wanategemea paa la mtu mwingine. Na aliyejenga paa hilo anategemea jasho lao. Mmoja bila mwenzake hana kitu: nyumba tupu hailipi, na mshahara usio na mahali pa kulala haufanyi kazi. Wenye nyumba, pangisheni kwa maandishi, toeni stakabadhi, rudisheni amana, na msiufanye ufunguo kuwa hukumu. Wapangaji, lipeni kwa wakati, tunzeni cha wenyewe, na mkishindwa semeni mapema kabla deni halijazaa uadui. Nanyi mlio katika mabaraza na mahakama, amueni kwa haki, na amueni kwa wakati.